Okot p'Bitek, mwana wa mwimbaji

Katika karatasi hii tumezoea kusoma maisha ya watu wakubwa waliokufa zamani. Mara hii zamu ni yetu, sisi kapita wa mwaka wa sita, na tumechagua mtu ambaye labda wengi kati yenu hamjasikia jina lake. Hakuwa rais, hakuvumbua dawa, hakujenga kanisa. Alikuwa mwalimu, tena mcheza mpira, tena mtu wa sheria kwa diploma, na zaidi ya yote alikuwa mshairi. Jina lake ni Okot p'Bitek, mtu wa Uganda.

Tuseme kwanza sababu ya kumchagua. Hapa Kinsevere sote tunajua kazi ni nini. Malori yanapita na shaba, mavumbi yanaingia mpaka ndani ya daftari, na kila mzazi anapenda mtoto wake asome mambo ya umeme, ya mashini ama ya madini. Sisi wa seksio ya fasihi tuko wachache. Wakubwa wetu nyumbani wanatuuliza kama mashairi yanaweza kupika bukari. Wenzetu wa seksio nyingine wanasema tunajifunza maneno ya bule. Na sasa egzame ya Leta iko karibu, kisha inabidi kuchagua fakulti, na katika kalasi yetu kuna wawili waliokwisha kubadili mawazo kwa sababu ya maneno hayo. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta maisha ya mtu aliyesoma fasihi kabisa, tuone ilimpeleka wapi. Tulifikiri tutapata habari ya kutufariji. Tulipata nyingine, nayo ilitushika shati.

Okot alizaliwa mwaka 1931 Gulu, mji wa kaskazini mwa Uganda, katika watu wanaoitwa Waacholi. Kama kuna kati yenu mwenye jamaa kule Ituri, atafahamu upesi: lugha ya Waacholi ni ndugu ya lugha ya Waalur wa Mahagi. Baba yake alikuwa mwalimu, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya Waprotestanti, sawa nyumba zetu nyingi. Mama yake aliitwa Lacwaa Cerina. Huyo mama alijulikana kwa kuimba, kwa kutunga nyimbo na kwa kucheza ngoma. Tafadhali mshike jina hilo la mama, maana tutalirudia.

Basi mtoto Okot alikulia katikati ya vitu viwili. Upande mmoja masomo, kitabu, saa, kengele. Upande mwingine nyimbo za mama, hadithi za jioni, na ngoma za Waacholi ambazo ziko za namna nyingi: kuna bwola, ngoma ya heshima ya mfalme, na kuna orak, ngoma ya vijana wanaotafutana. Okot mwenyewe alikuwa mchezaji hodari. Lakini masomoni vitu hivyo havikuitwa elimu. Hakuna aliyevipa alama. Alisoma Gulu, kisha akatumwa King's College Budo karibu na Kampala, shule ya Waanglikana iliyofunguliwa mwaka 1906, mojawapo ya shule kubwa za Uganda. Huko mafundisho yalikuwa ya Kiingereza, na fasihi maana yake ilikuwa fasihi ya Uingereza. Mwanafunzi wa Uganda alikariri mashairi juu ya maua asiyoyaona na juu ya theluji asiyoigusa, paka vile sisi tunavyokariri mashairi ya Wafaransa juu ya majani ya vuli, na hapa Katanga vuli hakuna, kuna masika na kiangazi, na upepo wa baridi wa mwezi wa sita.

Hatusemi kama mashairi hayo ni mabaya. Sisi tunayapenda, na kuna mengine yametuliza machozi. Okot naye hakuyatupa. Lakini tangu Budo alianza kufanya kitu chake pembeni: alitunga mchezo wa kuimba, akauita Acan. Mwanafunzi wa sekondari, hakuna aliyemwomba.

Kisha akasoma ualimu Mbarara, akarudi kwao kufundisha Kiingereza na dini katika shule moja karibu na Gulu. Na mwaka 1953, akiwa na miaka 22 tu, akatoa kitabu chake cha kwanza. Tazameni jambo hili. Alikuwa na Kiingereza chote cha Budo, lakini hadithi hiyo aliiandika kwa Kiacholi. Inaitwa Lak Tar. Ni habari ya kijana anayependa msichana, naye msichana anampenda, lakini baba wa kijana amekufa na hakuna mali ya kuoa. Kijana anakwenda kusini kutafuta falanga, anafanya kazi ngumu katika mashamba ya miwa, anateswa na wakubwa wa kazi, na siku ya kurudi kwao anaibiwa njiani. Anafika nyumbani mikono mitupu. Tulipoisimulia hadithi hii kwa kifupi chumbani usiku, mwenzetu mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akatuambia kama huyo ni kaka yake mkubwa kabisa, yule aliyekwenda kuchimba Kolwezi. Hadithi ya Waacholi ya mwaka 1953! Hapo njo tulianza kufahamu kama kitabu kinaweza kuwa cha lugha ya watu wachache na bado kikamkuta mtu wa mbali kitandani mwake.

Sasa mambo ya mpira, maana tunajua wengine wenu mmesubiri paka hapo. Okot alikuwa anacheza katika timu ya taifa ya Uganda. Mwaka 1956 timu hiyo ilifanya safari ya Uingereza, na wengi wao walicheza miguu mitupu, bila viatu, juu ya majani ya baridi, watu wa kule wakishangaa. Safari ilipokwisha wenzake walirudi. Yeye alibaki kusoma. Alipata kwanza diploma ya ualimu Bristol, halafu akaenda Aberystwyth, nchi ya Wales, akasoma sheria mpaka akamaliza. Kwa mawazo ya wazazi wengi hapo alikuwa amefika: sheria, suti, ofisi, nyumba nzuri Kampala. Angeweza kukaa hapo.

Lakini mwaka 1960 aliingia Oxford kusoma desturi na maisha ya watu, elimu ambayo wazungu wanaita antropolojia. Alitaka kuchunguza nyimbo na hadithi za Waacholi na za jirani zao Walango. Yaani mtu alitoka Gulu, akapita Budo, Mbarara, Bristol na Wales, ili afike Oxford kuandika juu ya vitu ambavyo mama yake alikuwa anaviimba uani. Tulicheka tulipoona hivyo. Halafu hatukucheka tena.

Kwa maana Oxford haikuwa raha. Tangu mafundisho ya kwanza alisikia walimu wakiwataja watu wa Afrika kwa majina ya washenzi na watu wa hali ya chini. Okot alisimama, akakataa maneno hayo. Hawakumsikiliza, waliendelea nayo. Fikirini kijana mmoja mweusi kati ya wasomi, anajua kama hao wanaoitwa washenzi ni baba yake mwalimu na mama yake mwimbaji. Miaka kumi baadaye, mwaka 1970, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, namna wasomi wa Ulaya walivyozigeuza dini za Afrika ili zifanane na mawazo yao wenyewe. Lakini aliendelea kusoma palepale, akamaliza kazi yake juu ya nyimbo. Sisi tungeacha, tunasema kweli. Tungepanda ndege.

Hapa kuna jambo ambalo hatutaki kulificha, kwa sababu hii ni karatasi ya masomo ya Kiprotestanti na mwalimu mmoja alituuliza mapema kama tumelifikiri. Okot aliyelelewa Mprotestanti, aliyefundisha dini, alipokuwa Uingereza aliacha imani ya Kikristo. Hatumfuati katika njia hiyo. Lakini tunaomba ndugu wasome sababu zake kabla ya kumhukumu. Katika shairi lake kubwa kuna mwanamke anayekwenda mafundisho ya jioni ya kanisa. Anafundishwa maneno ya kukariri, anayarudia sawa kasuku, na akiuliza maana yake mwalimu anakasirika. Mwishoni anasikia ngoma nje, anatoka, haendi tena. Sisi tuliosimamia shule ya Jumapili ya wadogo miaka miwili tunajua kasirani hiyo kutoka upande wa pili. Mtoto anauliza swali, wewe hujui jibu, unamwambia akae chini. Tumefanya vile. Kwa hiyo kipande hicho tulikisoma kama mtu anayesikia habari zake mwenyewe zikisemwa barazani.

Shairi hilo ni Wimbo wa Lawino. Lilitoka Nairobi mwaka 1966 kwa Kiingereza, lakini mwanzo lilitungwa kwa Kiacholi, na kwa Kiacholi likachapwa mwaka 1969. Okot alilitafsiri yeye mwenyewe, na alikubali kama katika kutafsiri kuna nguvu iliyopotea. Kwa Kiswahili lilitafsiriwa na Paul Sozigwa wa Tanzania, mwaka 1975, na hicho njo kitabu tulichosoma sisi. Ni cha mwalimu wetu mmoja, kimekwisha kuachana katikati na kimefungwa na uzi. Kiswahili chake cha Tanzania kilitutesa kidogo, maana kuna maneno ambayo hapa kwetu hatuyatumii, tukawa tunauliza-uliza. Lakini ukizoea unakwenda.

Habari yenyewe ni hii. Lawino ni mwanamke wa kijiji, mzuri, mchezaji wa ngoma. Mume wake ni Ocol, mtu aliyesoma Makerere. Ocol amemchoka. Ameleta mwanamke mwingine wa mjini, Clementine, anayejipaka poda na kufuata desturi za wazungu. Kila siku Ocol anamtukana Lawino: hajui kusoma, hajui saa, hajui kupika vyakula vya kizungu, hajui kucheza ile dansi ya kushikana, tena ndugu zake ni washenzi. Na Lawino anajibu. Anajibu katika sehemu 13, na hakuna jambo analoliacha: nywele, chakula, jiko, saa, dini, dawa, siasa, vitabu. Anachekesha, anauma, analia. Anasema juu ya nyumba ya mume wake iliyojaa vitabu mpaka imekuwa giza kama pori, na mume amepotea ndani.

Hapo mwanafunzi wa fasihi anakaa kimya. Kwa sababu sisi ni nani katika shairi hili? Tulipoanza kusoma tulikuwa upande wa Lawino, tunacheka na kupiga mikono. Tulipofika karibu na mwisho tuliona kama sisi ni Ocol. Sisi njo tunaotaka kuondoka na kusoma. Sisi njo tunaosahihisha wazazi wetu wanapokosea Kifaransa mbele ya wageni. Mwaka uliopita nkambo wetu alikuja kututazama hapa masomoni, amevaa kitenge chake, akaanza kutuita kwa sauti kutoka barabarani kwa majina ya sifa ya ukoo, namna wazee wanavyosalimu mtoto waliyemkosa siku nyingi. Tulikimbia kumnyamazisha. Tulimpeleka nyuma ya darasa, haraka, wenzetu wasisikie. Alifikiri tumemficha jua.

Sasa tunajua maneno yale yalikuwa shairi. Yana mpango, yana mizani yake, yana historia ya watu ambao hatujui makaburi yao. Katika Waluba kuna kitu kinaitwa kasala, wimbo mrefu wa kusifu ukoo na kuita majina ya waliokufa, na mwanamke Mkongo, Clémentine Nzuji, ambaye mwenyewe ni mshairi, alikitolea kitabu hapa Lubumbashi mwaka 1974. Kwa hiyo Oxford ilikuwa inauza kwa bei kubwa kitu ambacho sisi tulikificha nyuma ya darasa. Lakini tusikimbilie huko, turudi kwa Okot.

Watu wengine wanadhani yeye na Lawino ni mmoja. Si kweli, na hilo ni kosa tulilolifanya katika dissertation yetu ya kwanza juu yake, tukapata alama ndogo. Okot alivaa suti. Alijua Kiingereza kuliko Ocol. Alipenda vitabu, aliviandika. Hata alimpa Ocol nafasi ya kujibu, katika shairi la mwaka 1970, na Ocol katika kujibu anaonekana mtu mwenye uchungu, anayechukia weusi wake mwenyewe. Kwa maoni yetu jibu hilo halina utamu wa wimbo wa mke wake, na sababu ni nyepesi: Lawino ana nyimbo za kwao nyuma yake, Ocol hana kitu nyuma, ameviunguza. Lakini mtu aliyeandika yote mawili alikuwa na Ocol ndani yake vilevile. Bila hivyo asingemjua hivyo.

Alirudi Uganda katika miaka ya 60, akafanya kazi ya Makerere kule Gulu, kufundisha watu wazima wasio wanafunzi wa chuo. Huko alianzisha sikukuu za nyimbo na ngoma. Kisha aliwekwa mkubwa wa Nyumba ya Michezo ya taifa, Kampala, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Nyumba hiyo ilikuwa imezoea michezo ya kizungu. Okot aliingiza ngoma za vijiji, wachezaji wenye manyoya na njuga, na mwezi wa kumi 1967 alitengeneza sikukuu kubwa ya uhuru. Lakini ulimi wake haukuwa na mlango, na aliwasema viongozi. Alikuwa amesafiri Zambia, na baada ya safari hiyo kazi ikaondolewa mikononi mwake. Hakurudi kukaa kwao kwa zaidi ya miaka kumi.

Mtu anayesema fasihi ni mambo ya bule ajibu hapa: kwa nini wakubwa waliogopa mtu wa nyimbo? Aliyechimba shaba hawamfukuzi nchi.

Alikaa Kenya. Kwanza Kisumu, ambako alifanya tena sikukuu ya sanaa, maana mtu huyu kila alipotupwa alianzisha ngoma. Halafu akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakati huo Nairobi kulikuwa na moto. Mwaka 1968 walimu watatu, Ngugi wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika barua wakitaka idara ya Kiingereza ifutwe, mahali pake pawekwe idara inayoanza na fasihi ya Afrika, na ndani yake fasihi ya mdomo, halafu ndipo za nchi nyingine. Okot alipofika aliingia katika kazi hiyo. Alifundisha wanafunzi wa chuo kitu walichokuwa wamekiacha nyumbani, akawatuma warudi kukichukua.

Mawazo yake hapo tunaweza kuyaeleza kwa namna yetu. Wafaransa na Waingereza neno lao la fasihi limetoka kwa herufi, kwa maandiko. Kwa hiyo asiyeandika hana fasihi, mambo yamekwisha. Okot alikataa hesabu hiyo. Kwake wimbo ulioimbwa na hadithi iliyosimuliwa ni fasihi sawa kitabu, na anayeimba vizuri ni msomi wa kazi yake. Tukaangalia neno letu la Kiswahili. Fasihi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kusema vizuri na wazi. Halina herufi ndani yake! Lugha hii tunayokatazwa kuisema masomoni ilikwisha kukubaliana na Okot kabla hajazaliwa.

Mwaka 1971 alitoa nyimbo mbili pamoja, moja ya mfungwa na moja ya malaya, na mwaka uliofuata zilimpa zawadi ya Kenyatta ya fasihi. Ya mfungwa ni nzito, hatushauri wadogo wa kalasi za chini waisome peke yao. Lakini kitabu ambacho sisi tunakipenda kuliko vyote, ingawa tulikiona mara moja tu, mikononi mwa mgeni aliyetoka Lubumbashi, ni kile cha mwaka 1974, The Horn of My Love. Humo hakuna shairi lake hata moja. Ni nyimbo za Waacholi alizokusanya: za mapenzi, za vita, za kilio, za kubembeleza mtoto. Kiacholi na Kiingereza viko pamoja. Mtu aliyekuwa maarufu dunia nzima kwa mashairi yake aliketi akaandika ya wengine, ya watu wa kijiji. Hapo njo tuliwaomba mlishike jina la mama. Lacwaa Cerina hakuwa na diploma, na mtoto wake msomi alitumia miaka mingi kuthibitisha mbele ya dunia kama mama yake na wenzake walikuwa washairi.

Miaka hiyo Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, aliyechukua serikali mwaka 1971, na Waacholi wengi waliuawa. Okot hakuweza kurudi. Alifundisha pia Ife, Nigeria. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha hadithi za wanyama. Amin alipoanguka mwaka 1979 njia ya nyumbani ilifunguka. Mwaka 1982 alipewa uprofesa Makerere, wa kufundisha utunzi, chuo kilekile alichosoma Ocol wa shairi lake. Hakukaa. Alikufa Kampala mwezi wa saba mwaka huohuo, akiwa na miaka 51. Hadithi yake ya kwanza ya Kiacholi ilikuja kusomwa kwa Kiingereza baada ya kifo chake. Na katika watoto wake kuna washairi: binti yake Juliane Okot Bitek, anayekaa Kanada, alitoa mwaka 2016 kitabu cha mashairi 100 juu ya siku 100 za mauaji ya Rwanda. Nyimbo za nkambo Cerina bado zinatembea.

Basi tumalize na jambo lililotushika shati, maana tuliwaahidi kusema.

Ninyi mnajua kazi ya kapita. Kila siku ya masomo sisi tunashika daftari dogo, na ndani yake tunaandika majina ya wanaosema Kiswahili ama lugha ya kwao katika saa zilizokatazwa. Siku ya tano tunalipeleka, na walioandikwa wanakata majani nyuma ya kantini. Kazi hiyo tuliirithi kwa kapita aliyetutangulia, naye kwa mwenzake. Tunafahamu sababu yake: egzame ya Leta ni kwa Kifaransa, asiyekijua ataanguka, na mzazi aliyelipa atalia. Hatuwalaumu walimu. Sisi wenyewe tumepanda kwa Kifaransa hicho.

Lakini mwezi uliopita tulimwandika mtoto mmoja wa kalasi za chini. Alikuwa amekaa peke yake penye bomba, anafua shati, anaimba polepole kwa Kisanga. Saa zilikuwa bado ni za kukatazwa. Tulimwandika jina, tukaendelea. Usiku uleule tulikuwa tunasoma Wimbo wa Lawino, mahali Ocol anapotukana nyimbo za kwao. Tulifunga kitabu. Asubuhi tulimtafuta mtoto, tukamwuliza ulikuwa wimbo gani. Aliogopa, akafikiri tunataka kumwongezea adabu, akasema hajui, amesahau. Tulimwuliza tena kesho yake. Alikataa tena. Majani alikuwa amekwisha kuyakata.

Tumemweleza Bwana Prefe habari hii yote kabla ya kuiandika, na alituruhusu kuichapa. Kuhusu daftari atazungumza na walimu, hatujui watakata neno gani, na mpaka wakate tutaendelea kulishika kama tulivyoapa. Ila tumeomba ruhusa ya kitu kimoja, naye ameikubali. Katika namba ijayo kutakuwa na ukurasa mmoja wa nyimbo. Kila mwenye wimbo wa kwao, wa kilio, wa kulima, wa kubembeleza mtoto, wa kusifu ukoo, Kisanga, Kilamba, Kibemba, Kiluba, Kilunda ama yoyote, atuletee kabla ya siku ya stensili. Asiyejua kuandika lugha yake aje kutuimbia, sisi tutaandika pole pole. Aseme na jina la aliyemfundisha, maana litachapwa chini ya wimbo. Sisi tutaleta maneno ya nkambo, tumekwisha kumtumia habari kwa mtu wa lori.

Na wewe mdogo wetu wa penye bomba, ukisoma hapa: jioni baada ya chakula tuko katika chumba cha kapita, mlango wazi, daftari liko ndani ya sanduku.